Jinsi ya Kupima Dai la Tabianchi Kabla Hujalisambaza

Kila siku napitia matangazo ya kampuni za nishati na ya wanaharakati. Uongo wa wazi ni nadra. Shida kubwa huwa ni kile ambacho hakikuhesabiwa. Hivi ndivyo ninavyokitafuta.

Hatua ya 1: Hifadhi. Piga picha ya skrini, kisha hifadhi ukurasa kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandaoni. Ahadi hubadilika: mwaka 2020 kampuni ya mafuta ya BP ilisema itapunguza uzalishaji wa mafuta na gesi kwa asilimia 40 ifikapo 2030, Februari 2023 ikashusha lengo hilo hadi asilimia 25.

Hatua ya 2: Uliza, ni jumla au ni kwa kila pipa? Hapa ndipo wengi huteleza, kwa hiyo chukua kalamu. Tuseme kampuni ilitoa tani 100 za gesi joto kwa mapipa 100. Mwaka uliofuata ikatoa tani 0.9 kwa kila pipa, lakini ikazalisha mapipa 120. Zidisha: tani 108. Tangazo litasema "tumepunguza asilimia 10" na halitakuwa limedanganya, ilhali angani zimeongezeka tani 8. Ukikuta maneno "kwa kila kipimo cha nishati", rudia hesabu hii.

Hatua ya 3: Tafuta mpaka wa hesabu. Kanuni za GHG Protocol, zinazotumika kimataifa kuhesabu gesi joto za kampuni, zina mafungu matatu: gesi za shughuli za kampuni yenyewe, za umeme inaonunua, na za mnyororo wake wote, toka wanaoiuzia hadi wateja. Kwa kampuni ya mafuta, sehemu kubwa iko fungu la tatu, yaani moshi wa mafuta yakishaingia kwenye injini ya mteja. "Shughuli zetu" maana yake fungu hilo limeachwa nje.

Hatua ya 4: Wanaharakati nao wapimwe kwa mizani hiyo hiyo. Ripoti ya 2018 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, ilisema, ili ongezeko la joto duniani lisizidi nyuzi 1.5, utoaji wa hewa ukaa upungue takriban asilimia 45 ifikapo 2030 kulinganisha na 2010. Mitandaoni ikawa "imebaki miaka 12 dunia iishe". Inaniuma, maana ukweli wenyewe ulitosha kumwamsha mtu.

Hatua ya 5: Linganisha picha na fedha. Tangazo likijaa mitambo ya upepo, fungua ripoti ya mwaka ya kampuni, nenda kwenye jedwali la uwekezaji, uone upepo umepewa kiasi gani na visima vimepewa kiasi gani. Juni 2023 msimamizi wa matangazo Uingereza, ASA, alizuia matangazo ya Shell yaliyosifia nishati safi bila kueleza ukubwa wa biashara yake ya mafuta na gesi. Ukisambaza dai, weka namba hizo mbili, ya upepo na ya visima, pamoja nalo.