Jinsi ya kumfundisha Zimri, mfalme wa siku saba, vijana wasisinzie

Jamani mnaofundisha vijana jioni huku Uyole na hii baridi ya mwezi wa sita, Zimri (1 Wafalme 16:8-20) msimruke kisa ni mistari michache, mi mwaka jana nilianza na "alitawala siku saba" wakacheka wee, somo likafia hapo.

Anza na viazi. Sado moja inatosha. Baasha, mfalme wa Israeli, mpangie mezani viazi 24, ndo miaka yake ya kutawala, Ela mwanae aliyemrithi viwili, Omri aliyekuja baada ya Zimri 12, afu kwa Zimri weka ganda tu. Hata yule anayechati kule nyuma atainua kichwa.

Afu chora ramani, na hapa usikimbie maana ndo penyewe. Ikulu iko Tirza, jeshi liko Gibethoni kwa Wafilisti. Waambie ni kama mtu apindue nchi akiwa hapa Mbeya mjini wakati askari wote wako Tunduma mpakani. Zimri alikuwa mkuu wa nusu ya magari ya mfalme (fafanua kwamba ni ya kukokotwa na farasi, mi niliulizwa kama ni Land Cruiser), akamkuta Ela amelewa nyumbani kwa msimamizi wa nyumba yake, akamuua, kisha akamaliza ukoo wote wa Baasha. Ikulu kaipata, jeshi je? Nyamaza, waache wajibu wenyewe. Habari ikafika kambini, siku ileile wakamsimika Omri jemadari wao, wakapanda wakaizingira Tirza, na Zimri alipoona mji umeshatekwa akaingia ngomeni akaichoma nyumba ya mfalme yeye mwenyewe akiwa humo ndani.

Sasa rudi sura ya 15, mi kipande hiki nakipenda kweli: Baasha naye alimuua mfalme Nadabu hapohapo Gibethoni, ila yeye alimuulia palepale lilipo jeshi, ndo maana ana viazi 24.

Yule Zimri wa Hesabu 25 ni mwingine, wa Simeoni, msimchanganye. Muda ukibaki someni 2 Wafalme 9:31, malkia Yezebeli anamtupia Yehu, aliyetoka kumuua mfalme wake, jina la Zimri kama tusi toka dirishani.

Wataulizia Tibni, aliyegombea ufalme na Omri baada ya Zimri kufa, nusu ya watu walimfuata yeye na nusu Omri, upande wa Omri ukashinda, kwaiyo usimpangie kiazi. Ukimaliza vichemsheni vyote 38, chumvi mtu aje nayo kutoka nyumbani.