Strungi (chai bila maziwa) ya saa kumi ukiwa Nakuru
Watu wa chai ya saa kumi hapa Nakuru, sisi tuko juu karibu mita 1,850 kwa hivyo maji yetu huchemka yakifika kama digrii 94 hivi, si 100, ndo maana strungi ya birika inatoka hafifu na mtu anakimbilia kuongeza majani. Usiongeze. Suuza birika na maji ya moto kwanza lishike joto, weka kijiko kidogo kimoja kwa kila kikombe, mimina maji yakiwa bado yanatokota alafu funika dakika tano. Majani marefu yaliyosokotwa ya Kericho ama Nandi Hills yape hata sita. Rangi inakuja nyekundu ya shaba, na ile harufu, aki wacha tu! Sukari onja kwanza ndo uweke.