Kujaribu mbegu za mahindi zinazostahimili ukame: ninavyofanya na wakulima wa Nachingwea na Masasi

Msimu wangu wa kwanza wa majaribio, mzee mmoja wa Nachingwea alinipa kipande kizuri kuliko vyote alivyonavyo: ubavuni mwa kichuguu, udongo mweusi, unyevu haukauki. Ndiyo heshima ya mgeni, nami nikashukuru. Siku ya kuvuna mbegu zote nne zilikuwa sawasawa. Ukame haukufika pale shambani, sasa ningejuaje ipi inastahimili?

1. Omba shamba la kawaida. Mwambie mkulima unataka pale anapolima kila mwaka, hata kama ni mchanga mtupu. Epuka kichuguu, kivuli cha mkorosho na palipokuwa zizi la mbuzi. Mimi hutafuta wakulima 12 au zaidi kwa kijiji, nusu wakiwa akina mama.

2. Gawa mbegu. Shamba moja la kijiji liwe "mama": mbegu zote, zikirudiwa mara 3. Mashamba mengine ni "watoto": kila mkulima apate mbegu 3 zilizoandikwa A, B na C bila majina, na ya nne iwe yake mwenyewe. Mtindo huu ulianzia Malawi miaka ya 1990. Ya nne usiiache. Wengine huiita mbegu ya asili, kumbe ni Staha, mbegu ya watafiti ya zamani, iliyochanganyika na za majirani kwa miaka mingi. Haidhuru, hiyo ndiyo inayopaswa kushindwa na mbegu mpya. Na mkutano wa kugawa usiangukie siku ya mnada wa korosho, utabaki wewe na mwenyekiti.

3. Panda zote nne siku moja, mvua ikishakolea, mara nyingi Desemba. Kila mbegu mistari 4 ya mita 5, sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mche mmoja kila shimo. Kama mkulima haweki mbolea, usimletee. Ukiua viwavijeshi kwenye kipande kimoja, viue kwenye vyote.

4. Februari usikae mjini. Jua la katikati ya msimu ndilo mtihani wenyewe. Saa 7 mchana mahindi yote hukunja majani, hiyo haikuambii kitu. Nenda saa 4 asubuhi: yaliyokwisha kujikunja kama sigara saa hiyo yameumia kweli. Kisha andika siku nusu ya mimea ilipoanza kumwaga vumbi la mbelewele (ua dume la kileleni), na siku nusu ilipotoa ndevu. Zikipishana siku 2 au 3, sawa. Zikipishana wiki nzima, ndevu zinatoka vumbi limekwisha, na utavuna magunzi yenye mapengo. Soma kipimamvua kila asubuhi. Bila hicho hutajua shamba lipi lilikauka kweli.

Ni miezi ya njaa pia. Usikataze mahindi mabichi, hutasikilizwa. Kubalianeni: mistari miwili ya pembeni watoto wachome, miwili ya kati isiguswe.

5. Pima. Vuna mistari ya kati tu, yaani mita za mraba 7.5. Pukuchua, pima uzito na unyevu. Zidisha kilo kwa (100 toa unyevu), gawa kwa 87. Hapo umepata uzito wa mahindi makavu ya unyevu wa asilimia 13. Kilo 2.4 zenye unyevu wa asilimia 20 zinakuwa 2.2. Zidisha kwa 540 upate kilo kwa ekari: karibu gunia 12 za kilo 100. Mkulima mtajie gunia.

6. Piga kura kabla ya kutaja mavuno. Weka mfuko mbele ya kila kipande. Wanaume watumbukize punje za mahindi, wanawake kunde. Mwaka mmoja B iliongoza kwenye mizani yangu, lakini mfuko wake ulikuwa na kunde 2 tu. Nikamuuliza bibi mmoja. Hakujibu, alichuma hindi akanionyesha ncha: ganda halikufunika, punje ziko nje, na dumuzi keshaanza kutoboa. Tangu siku hiyo daftari langu lina safu moja zaidi, nimeiandika "ganda".