Kabla ya kugonga paneli: kukagua gundi ya ndege hapa Lubumbashi

Kinyundo cha kukagulia, kinachogongwa juu ya paneli ya ndege ili kusikiliza mlio wake, hakipimi nguvu ya gundi inayoshika bati la paneli hiyo. Kinachosema ni kama bati na kilicho chini yake vimeachana au la. Gundi iliyogusa bati bila kulishika, kwa sababu siku ya kubandika bati halikuandaliwa vizuri, italia safi kama gundi nzima, na mashine ya ultrasaundi, inayopima kwa mawimbi ya sauti, nayo itaipitisha. Kwa hiyo anza na makaratasi. Je, paneli iliwahi kufunguliwa? Kiraka kiliwekwa wapi, kwa gundi gani, iliyoivishwa (kupashwa joto mpaka ikamae) kwa nyuzi za Selsiasi 121 au 177? Kiraka kisicho na kumbukumbu za kuandaa bati kitilie shaka hata kama kinalia vizuri.

Kisha chora ramani ya paneli: mbavu, kingo za sega (kiini chepesi chenye vyumba vidogo kama sega la nyuki, kilichobandikwa kati ya mabati mawili), mistari ya riveti, viraka. Sauti hubadilika penyewe kila unapovuka ubavu, na fundi asiye na ramani huandika ubovu usiokuwepo au, vibaya zaidi, huuzoea ule uliopo.

Vumbi jekundu la kiangazi lioshwe kwa maji kidogo na sabuni inayokubalika. Pampu ya maji ya nguvu isikaribie kingo za paneli, kwani ndiyo inayosukuma maji ndani ya sega. Paneli iliyokaa juani ipewe muda ipoe: mafuta yanayopakwa kati ya bati na mashine ya ultrasaundi hukauka upesi juu ya bati la moto, na kipimo huhama. Mashine irekebishwe kwanza juu ya kipande cha mfano chenye unene uleule, sega lilelile, na sehemu iliyobanduliwa makusudi kwa ukubwa unaojulikana. Kipande cha ndege nyingine hakifai, hata kikifanana.

Halafu kelele. Kati ya Novemba na Machi mvua ikianza kupiga mabati ya hangari, acha kugonga. Hakuna sikio linalotofautisha mlio mkavu wa gundi nzima na kishindo kizito cha gundi iliyoachia katika hali hiyo. Jenereta nayo izimwe. Kinyundo kiwe chepesi, gramu 60 au chini, chenye ncha laini ya mviringo, na hatua ziwe fupi, milimita 10 hivi, isipokuwa kitabu cha matengenezo kimesema vingine. Njia hii inaaminika kwenye bati lisilozidi milimita 2. Kwenye paneli ya sega, kugonga upande mmoja hakukuambii lolote kuhusu gundi ya upande wa pili, kwa hiyo hakikisha mapema kwamba mtafika pande zote mbili. Alama zisichorwe kwa penseli ya kawaida: grafiti iliyo ndani yake huanzisha kutu kwenye aluminiamu.

Maji ndani ya sega hutafutwa kwa kamera ya joto. Ndege ikiwa juu angani maji hayo huganda, hutanuka na kupasua vyumba vya sega. Ndege ikitua, sehemu yenye maji hubaki baridi kuliko jirani zake. Kamera iwe imewashwa na mtu yuko tayari kabla ndege haijasimama, la sivyo jua la Luano, uwanja wetu wa ndege, litafuta tofauti hiyo.

Mkiona huenda mtabandika upya, kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa pwani havilikazii. Uwanja wetu uko karibu mita 1,300 juu ya bahari. Hewa hapa inasukuma kilopaskali 87 hivi, kwa hiyo geji ya mfuko wa vakiumu (mfuko unaofunika kiraka na kunyonywa hewa ili hewa ya nje ikikandamize) haitavuka inchi 25.6 za zebaki, hata pampu iwe mpya. Pwani wana karibu 30. Maelekezo mengi yanadai angalau 22. Mwanya uliobaki ni mdogo, na tundu dogo la kuvuja linaumaliza. Jaribu mfuko kabla ya kuwasha joto, na usibadilishe pampu ukitafuta namba isiyopatikana hapa.

Sega likaushwe kabisa kwanza. Kwa nyuzi 121 maji yaliyofungiwa hutoa mvuke wa takriban kilopaskali 205, zaidi ya mara mbili ya hewa inayokandamiza mfuko, na bati litainuliwa na kile mlichokuja kukirekebisha. Gundi iliyotengenezwa kama karatasi nyembamba, inayohifadhiwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, isifunguliwe mpaka pakiti iache kutoa jasho nje. Maji yakimwagwa juu ya bati lililoandaliwa yabaki utando mmoja kwa sekunde 30. Yakikusanyika matone, kuna mafuta bado, rudia kusafisha.

La mwisho ni umeme. Ukikatika katikati ya kuivisha, kiraka hicho hakihesabiki tena kuwa kizima. Jenereta ya akiba ijaribiwe ikiwa imebeba mablanketi yote ya joto, yale ya umeme yanayoivisha gundi, kwa pamoja, siyo taa tu.