Namna ya Kuandaa Ripoti ya Ufikivu wa Programu Inayouzwa kwa Taasisi za Umma

Nchini Marekani, Kifungu cha 508 cha Sheria ya Utengamao ya mwaka 1973 huzitaka taasisi za serikali kuu kununua na kutumia teknolojia ambayo watu wenye ulemavu wanaweza kuitumia, na ndiyo maana mzabuni huombwa ripoti ya ufikivu kabla ya mkataba kutiwa saini. Ripoti hiyo kwa kawaida huandikwa kwenye kiolezo kiitwacho VPAT, kinachotolewa bila malipo na ITI, baraza la kampuni za teknolojia ya habari.

Anza kwa kusoma masharti ya zabuni, kwa kuwa kiolezo kina matoleo manne. Toleo la 508 hutumia vigezo vya WCAG 2.0, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa maudhui ya wavuti, vya ngazi A (ya msingi) na AA (ya kati), ambavyo ni 38, na ndivyo vinavyodaiwa na serikali kuu tangu Januari 2018. Toleo la Ulaya hufuata kiwango cha EN 301 549, la tatu huishia kwenye WCAG pekee, na la nne huyakusanya yote.

Usijaze hata safu moja kabla ya kupima. Programu ya ukaguzi itakuonyesha picha isiyo na maelezo ya maandishi kwa wasioona, lakini haiwezi kujua kama maelezo yaliyopo ni ya kweli; picha ya grafu yenye maelezo “picha” tu huenda ikapita bila kukemewa. Kwa hiyo weka kipanya kando, kamilisha kazi kuu za programu kwa kibodi peke yake, kisha zirudie ukisikiliza kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, kama NVDA au VoiceOver. Andika toleo lililopimwa, tarehe, kivinjari na njia zilizotumika, maana mnunuzi atataka kuzijua.

Kila kigezo hupewa jibu: inatimiza, inatimiza kwa sehemu, haitimizi au haihusiki. Jibu la “haijatathminiwa” linaruhusiwa kwa vigezo vya ngazi AAA, iliyo ya juu kabisa, tu, ingawa wapo wanaolitumia kama maficho. “Haihusiki” nayo ni ya programu ambayo, kwa mfano, haina sauti wala video yoyote, si ya kipengele ambacho hamkupata muda wa kukigusa.

Safu ya maelezo ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Kuandika “kuna kasoro ndogo” hakumsaidii afisa wa ununuzi, ambaye anapaswa kuamua kama mfanyakazi asiyeona ataweza kufanya kazi yake. Andika hivi: “Kwenye ukurasa wa taarifa, kitufe cha kuchagua tarehe hakifikiki kwa kibodi; mtumiaji anaweza kuandika tarehe moja kwa moja kwenye kisanduku kilicho kando yake.” Hapo kasoro, mahali ilipo na njia mbadala vimetajwa pamoja. Binafsi naiamini zaidi ripoti yenye “inatimiza kwa sehemu” kadhaa zilizoelezwa hivyo kuliko iliyojaa “inatimiza” tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu programu kubwa isiyo na kasoro hata moja ni nadra mno.

Ratiba ya marekebisho iandikwe katika hati ya pembeni, ili ahadi zisichanganyike na hali halisi ya sasa. Toleo jipya linapobadilisha mwonekano au utendaji wa programu, pima upya sehemu zilizoguswa na ubadilishe tarehe ya ripoti baada ya kupima, si kabla.