Kabla hujalipa kodi ya miezi sita Dar es Salaam

Dar es Salaam nyumba nyingi hupangishwa kwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na wenye nyumba wengine hutaka ya mwaka mzima. Juu yake kuna dalali, ambaye kwa desturi huchukua kodi ya mwezi mmoja. Chumba na sebule cha shilingi 150,000 kwa mwezi kinakutoa shilingi 1,050,000 kabla hujanunua hata ndoo. Ukishalipa, nguvu ya kumbana mwenye nyumba imekwisha: paa likivuja utaambiwa fundi yuko njiani, maji yasipotoka utaambiwa jiji zima hakuna maji. Kwa hiyo kila swali liulizwe, kila bomba lifunguliwe na kila punguzo liombwe wakati hela bado iko mfukoni mwako.

Anzia kazini kwako au shuleni kwa mtoto, ndipo uje kwenye bei. Pembezoni mwa jiji, kama Bunju, Chanika na Kibamba, utapata nafasi na kodi ya chini, lakini kama kazi yako iko katikati, Posta au Kariakoo, usipime umbali Jumapili mchana wakati barabara ni nyeupe. Nenda Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, simama kituoni uone daladala zinapita zimejaa au zina nafasi. Kisha piga hesabu ya bodaboda. Ikiwa kutoka lami hadi mlangoni ni shilingi 1,000, kwenda na kurudi kwa siku 26 ni 52,000. Hapo nyumba ya 150,000 ya ndani huko imeshaipita ile ya 200,000 iliyo hatua chache kutoka kituo cha mabasi ya mwendokasi Kimara, na bado hujahesabu usingizi unaoupoteza.

Jambo linalopitwa na wengi ni mvua. Watu hutafuta nyumba Agosti au Januari, ardhi imekauka, bonde halionekani kuwa bonde. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa watu wengi mabondeni hadi serikali ikawapa viwanja Mabwepande, na Jangwani karakana ya mwendokasi imezama zaidi ya mara moja. Bonde la Mto Msimbazi linajulikana, lakini mitaa mingi ina kibonde chake kidogo ambacho hakuna anayekitangaza. Nyumba yenyewe itakuambia ukiitazama vizuri. Angalia ukuta wa nje kama umepakwa rangi mpya hadi usawa wa goti tu, au plasta ya chini inabanduka na kutoa chumvi nyeupe. Angalia mlangoni kama kuna kizingiti cha zege kilichoinuliwa bila sababu ya kueleweka, soketi zilizopandishwa hadi usawa wa kifua, viroba vya mchanga kando ya geti. Ukikuta dalili mbili au tatu za namna hiyo pamoja, chukulia kwamba maji yamewahi kuingia ndani, hata dalali aape. Zunguka pia nyuma uone shimo la maji taka. Kama limejaa, uliza gari la kunyonya linalipiwa na nani, na linaweza kufika hapo au njia ni nyembamba. Pale ambapo gari halifiki, mvua ikinyesha watu hutapisha vyoo, yaani hufungulia uchafu wa shimo uende na mvua, na maji hayo hupita mbele ya mlango wako na watoto wako.

Maji ya matumizi usiyaulizie kwa dalali. Muulize mama mwenye genge mtaani au mpangaji wa nyumba ya pili: DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, wanatoa siku gani, na yakikatika mnachota wapi, dumu shilingi ngapi? Mwaka 2022 Mto Ruvu ulipopungua maji, jiji liliingia kwenye mgawo, na waliokuwa na simtanki walipumua kidogo. Kama nyumba inatumia kisima, onja. Maeneo mengi ya Dar visima vina maji ya chumvi. Utayaogea na kudekia, lakini ya kunywa na kupikia utanunua kila siku.

Kwenye umeme, swali ni moja: LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako au ya kuchangia? Wateja wa matumizi madogo wako kwenye daraja la bei nafuu mradi wasizidi uniti 75 kwa mwezi. Wapangaji wanne kwenye mita moja hawawezi kubaki humo, kwa hiyo mnalipa bei ya juu, na ugomvi wa nani ana friji na nani ana pasi hauishi. Hata mita ikiwa yako, omba ununue umeme kidogo mbele yao, usome ujumbe unaorudi. Kama kuna deni la mtu wa zamani, makato yataonekana hapo. Kodi ya majengo nayo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU. Ni deni la mwenye nyumba, basi kubalianeni mapema atakurudishiaje.

Sasa hela yenyewe. Inauma kuona kijana aliyedunduliza mwaka mzima anamkabidhi kodi mtu aliyekuwa mpangaji tu, anayejifanya mwenye nyumba, na siku ya kuhamia anawakuta wenzake watatu getini na magodoro yao. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa au kwa mjumbe, kiongozi wa nyumba chache za hapo, uliza nyumba ile ni ya nani. Kama anayepangisha ni ndugu au msimamizi, zungumza na mwenye nyumba mwenyewe kwa simu, na namba yake uipate kwa mjumbe, si kwa dalali. Lipa kwa benki au kwa simu, kwa jina lile lile lililo kwenye mkataba. Ukidaiwa utoe haraka kwa sababu “kuna mtu mwingine anakuja saa hizi”, mwache huyo mtu aichukue.

Mkataba usainiwe na mashahidi, ikiwezekana upigwe mhuri serikali ya mtaa, na uandikwe notisi ni ya muda gani, kodi haitapanda hadi lini, nani anatengeneza nini, na ukihama kabla ya muda unarudishiwa kiasi gani. Siku ya kukabidhiwa funguo piga video chumba kwa chumba, pamoja na namba ya mita ya umeme na usomaji wa mita ya maji, umtumie mwenye nyumba hapo hapo. Kisha badilisha kitasa kabla hujaingiza kitanda, maana aliyetoka anaweza kuwa bado na ufunguo, na dalali pia.