Somo: Gari la zamani kabla ya ukaguzi wa mwaka – anza chini, rangi baadaye

Toyota Corolla, Carina au Noah iliyopita miaka 20 kwa kawaida haikwami ukaguzi kwa sababu ya injini. Inakwama kwenye breki, miguu ya mbele na taa. Hela ianzie huko, kupuliza rangi kusubiri. Jipe wiki 3, maana spea ikikosekana madukani hapa Tabora mjini itabidi ipandishwe basi Mwanza au Dar, na fundi anayeaminika naye ana foleni yake.

Hatua ya 1: Namba. Linganisha kadi ya gari na namba ya chasisi iliyogongwa kwenye gari lenyewe. Kwenye Corolla na Carina iko kwenye ukuta kati ya injini na abiria. Kwenye Hilux na Land Cruiser iko kwenye chasisi, usawa wa gurudumu la mbele kulia. Toa vumbi kwa brashi na dizeli kidogo. Msasa usiguse, namba iliyokwanguliwa inazaa maswali. Injini kama ilibadilishwa, kadi nayo irekebishwe TRA (mamlaka ya mapato).

Hatua ya 2: Osha chini. Vumbi la huku likikutana na oili linaganda kama udongo wa tofali na kuficha kila kitu. Osha, endesha kilomita 20 hivi, kisha ingia chini na tochi. Oili mpya itakuonyesha inakotoka: gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini), sili ya krenki (mhimili wa injini) au plagi ya sampu (bakuli la oili chini). Ukiosha asubuhi ya ukaguzi umeficha tu, na kufika pale linadondosha tena.

Hatua ya 3: Miguu ya mbele. Piga jeki, weka stendi, tofali halitoshi. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Mchezo ukipotea, ni bearing ya gurudumu. Ukibaki, ni boljoint (kiungo cha duara kinachoshika mguu wa gurudumu). Sasa shika kushoto na kulia: hapo mchezo mara nyingi ni wa tairodi endi (ncha ya fimbo inayogeuza gurudumu) au raki ya stelingi yenyewe. Angalia na raba za boljoint na za CV joint (kiungo cha ekseli inayozungusha gurudumu). Raba ikichanika vumbi linaingia, grisi inatoka, na kipuri kipya hakidumu. Ukibadili tairodi endi, gari liende kupimwa alaimenti (unyoofu wa magurudumu), la sivyo litakula tairi upande mmoja.

Hatua ya 4: Breki. Hapa usifanye haraka. Fungua magurudumu yote manne. Padi iliyobaki mm 3 itolewe, na ibadilishwe ya kushoto na ya kulia pamoja. Nyuma, fungua dramu, pindua raba ya silinda ya gurudumu kwa kidole. Ukikuta unyevu, silinda inavuja, na kiatu cha breki kilicholowa maji ya breki hakisafishiki, kinatupwa. Paipu za raba zipinde kidogo. Zenye nyufa zibadilishwe.

Maji ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, ikishanyonya maji inaweza kushuka hadi 140, na hapo pedali inazama ukiwa na mzigo. Badilisha kila miaka 2. Kutoa hewa, kwa gari la usukani wa kulia anza na gurudumu lililo mbali na masta silinda (pampu kuu ya breki): nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Kopo la masta lisikauke katikati ya kazi, utaanza upya. Mwisho kaza nati za ringi kwa mtindo wa nyota, yaani kwa kuvuka upande hadi upande. Nyingi za Toyota ndogo ni Nm 103.

Hatua ya 5: Taa. Kabla ya kununua balbu, kagua ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi). Dalili ya ethi mbovu: ukikanyaga breki, indiketa nayo inawaka hafifu. Chukua waya, unganisha holda na bodi. Taa ikikaa sawa, safisha pale ethi inapofungwa. Indiketa ikipepesa haraka, balbu moja imekufa au si ya wati 21. Taa za mbele, simamisha gari mita 5 kutoka ukutani: mwanga wa chini ukatike sentimita 5 chini ya usawa wa taa yenyewe. Zile LED za kuchomeka kwenye taa za kawaida achaneni nazo, zinapofusha wenzenu.

Hatua ya 6: Mengine. Matairi yasifike alama ya TWI ya kuisha kwa tairi, yaani mm 1.6. Tarakimu 4 za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi zinataja wiki na mwaka: 3519 ni wiki ya 35 ya 2019. Waipa, honi, mikanda, spea tairi, jeki, pembetatu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Urambo: Mkuu, nikikanyaga breki gari linavuta kushoto. Nibadili padi za kushoto?

Jibu: Kushoto kunafanya kazi, ndugu. Mgonjwa ni kulia: pistoni imeganda, paipu imeziba kwa ndani, au padi ina grisi. Ila kama linavuta hata bila kukanyaga na ringi ya kushoto ina joto kali, basi kushoto kumeng'ang'ania.

Mdau wa Sikonge: Handibreki inapanda mpaka mwisho. Nikaze kebo?

Jibu: Kebo ni mwisho. Anza na adjasta (kirekebishaji cha viatu vya breki) ndani ya dramu, ambayo kwa vumbi huwa imeganda. Isafishe, zungusha kigurudumu chake chenye meno mpaka viatu viguse dramu kidogo, ndipo ushike kebo.

Dada wa Kaliua: Fundi anasema atoe balbu ya taa ya injini kwenye dashibodi, gari lipite. Ni sawa?

Jibu: Hapana dada. Taa hiyo lazima iwake ukifungua swichi, isipowaka mkaguzi anaelewa. Kwa Toyota za miaka ya 90 zenye kiboksi cha uchunguzi kwenye injini, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha injini, hesabu mipepeso. 2, kituo, kisha 1 ni kodi (namba ya hitilafu) 21, sensa ya oksijeni. Anzia kwenye waya wake, mara nyingi umeungua kwenye egzosi.

Mdau wa Nzega: Mtungi wa kuzimia moto mshale uko kijani, nipeleke huduma ya nini?

Jibu: Mshale unapima gesi tu. Unga ndani hujishindilia kwa mtikisiko wa barabara, ukibonyeza inatoka gesi bila unga. Ugeuze chini juu mara kwa mara, na tarehe ikipita upeleke.